Walioiandika Mafia

Mwaka 1941, dunia ikiwa vitani, jarida la Tanganyika Notes and Records lilitoa kurasa chache kuhusu historia na mapokeo ya kisiwa cha Mafia. Aliyeyakusanya mapokeo hayo alikuwa Kadhi Amur Omar Saadi. Aliyeyatafsiri kwa Kiingereza ni D. W. I. Piggott, ambaye katika toleo lililotangulia alikuwa amechapisha historia ya Mafia aliyoiandika mwenyewe. Kwa hiyo katika mwaka mmoja wasomaji wa Tanganyika walipata Mafia mbili: moja kwa kalamu ya Mzungu wa serikali, nyingine kwa kalamu ya kadhi.

Kurasa za kadhi zilistahili kutangulia. Kabla hajatua mwanaakiolojia na koleo lake, wala mwanaanthropolojia na daftari lake, palikuwapo mtu aliyeyajua masimulizi ya visiwa vile, akayakusanya na kuyapanga. Watafiti waliokuja baadaye, hata wale wenye shahada kubwa, walipita njia aliyoifyeka yeye na wenzake.

Jarida lenyewe lilianza mwaka 1936 na lilitolewa Dar es Salaam. Mji wakati ule ulikuwa mdogo, na shughuli za utawala zilikusanyika kwenye ukanda wa bahari unaokwenda hadi Magogoni, penye Ikulu. Tangu Wajerumani walipohamishia makao yao hapo mwaka 1891, hukumu, kodi na barua za Mafia ziliishia kwenye meza za upande huo wa mji. Mwaka 1940, mwendo mfupi tu kutoka kivukoni, ilifunguliwa nyumba ya makumbusho iliyopewa jina la Mfalme George wa Tano. Ndiyo Makumbusho ya Taifa ya leo, Mtaa wa Shaaban Robert.

Uhusiano wa Mafia na mji huo haujakatika. Samaki wa Mafia hushushwa katika soko la Feri pale Magogoni na kunadiwa alfajiri, na nazi za Mafia zinajulikana kwa jina katika masoko ya Dar es Salaam, Kariakoo ikiwamo. Mkaazi wa katikati ya jiji anakila kisiwa hicho karibu kila wiki. Kukisoma ndiko bado kunamwia vigumu, kwa sababu nyingi ya kazi zilizoandikwa juu yake ziko katika lugha za wageni.

Mafia iko kusini mwa Dar es Salaam, mkabala wa midomo ya mto Rufiji. Kisiwa kikubwa kina urefu wa karibu kilomita 50, na pembeni yake viko Chole, Juani, Jibondo, Bwejuu na visiwa vingine vidogo. Katika mkataba wa mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waligawana pwani ya Sultani wa Zanzibar bila kuwauliza wakaaji wake. Unguja na Pemba zikaangukia Uingereza. Mafia ikaenda Ujerumani, na sultani akalipwa marki milioni 4 kwa mwambao mzima pamoja na kisiwa hicho.

Mwenye mali mpya hutaka kujua amepata nini. Mwaka 1895 alifika Oscar Baumann, mwanajiografia kutoka Austria. Pwani hii aliijua vizuri, na kwa uchungu pia: mwaka 1888 yeye na msafiri mwenzake Hans Meyer walikamatwa huko Pangani na watu wa Abushiri bin Salim, waliokuwa wakiwapinga Wajerumani, wakaachiwa kwa fidia. Baadaye alivuka nyika za Wamasai, na mwaka 1892 akafika Ngorongoro. Mafia aliizunguka, akaipima, akaandika juu ya udongo wake, minazi yake na watu wake. Kitabu kilichapwa Leipzig mwaka 1896, kikiwa cha kwanza katika mfululizo wa vitabu vitatu. Viwili vilivyofuata vilihusu Unguja na Pemba. Baumann alifariki mwaka 1899 akiwa bado kijana.

Kazi yake ina thamani kubwa, na mwanahistoria yeyote wa Mafia lazima aipitie. Lakini ni kazi ya mtu aliyekaa muda mfupi na kuangalia kisiwa kama anayekagua shamba: kinatoa nini, kinaweza kutoa nini zaidi, nani yuko wapi. Mwaka 1957 sehemu yake ilitafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapishwa katika jarida lile lile la Dar es Salaam. Maelezo ya Mafia yakatoka Kijerumani yakaenda Kiingereza, yakipita juu ya vichwa vya watu wa kisiwa chenyewe, wa Kilindoni na Kanga.

Maafisa wa Kiingereza waliokuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza walikuwa na hamu ya magofu. Toleo la kwanza kabisa la Tanganyika Notes and Records, mwaka 1936, lilikuwa na maandishi ya T. M. Revington kuhusu visiwa vya Mafia pamoja na Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Wao pia walilazimika kukaa chini na wazee, maana kuta za mawe hazisemi nani alizijenga. Huko ndiko kisa cha Kua na Kisimani kilikoanza kuingia katika chapa.

Kisa hicho bado kinasimuliwa Mafia. Kisimani ulikuwa mji kwenye ncha ya magharibi ya kisiwa kikubwa, na Kua ulikuwa mji katika kisiwa cha Juani. Watu wa Kisimani walijenga jahazi kubwa. Lilipokamilika wakawaalika wenzao wa Kua kwenye sherehe ya kulishusha majini. Katikati ya sherehe wakawakamata watoto wa wageni, wakawalaza ufukweni, na jahazi likapitishwa juu ya miili yao kuingia baharini.

Watu wa Kua hawakulipiza siku ile. Walirudi kwao, wakanyamaza kwa miaka, saba au minane kwa kadiri ya msimulizi. Kisha wakatuma mwaliko wa harusi. Walikuwa wamejenga chumba chini ya ardhi, kikapambwa, na wageni wa Kisimani wakakaribishwa humo kula na kustarehe. Wenyeji wakawa wanatoka mmoja mmoja, huyu kwa kisingizio hiki, yule kwa kisingizio kile, mpaka akabaki mzee mmoja aliyekubali kufa ili mazungumzo yasikatike. Mzee akiendelea kuwachangamsha wageni, mlango ukazibwa kwa mawe na chokaa. Hakutoka mtu.

Mtafiti wa aina moja huisikia hadithi hii na kuiweka kando kama ngano. Hilo ni kosa. Ni kweli kwamba miaka haipatani vizuri. Magofu ya Kua yanayoonekana leo, msikiti, kasri na nyumba za mawe, mengi ni ya karne ya 18, ilhali Kisimani ilistawi karne nyingi nyuma, siku za ukubwa wa Kilwa. Masimulizi hukunja zama mbili zikawa moja. Lakini ndani ya mkunjo huo mna mambo ambayo hakuna kigae kinachoweza kuyasema: kwamba visiwa hivi vidogo vilikuwa na miji iliyoshindana, kwamba heshima ya mji ilipimwa kwa vyombo vyake vya baharini, na kwamba mialiko ya harusi na sherehe za kushusha jahazi zilikuwa ndiyo siasa ya nchi. Mafundi wa Jibondo bado wanasifika kwa kuunda majahazi.

Kua haikufa kwa kisa hicho. Mwanzoni mwa karne ya 19 ilivamiwa na Wasakalava waliovuka bahari kutoka Madagaska. Waliuteketeza mji na kuchukua mateka, na baada ya hapo Chole, ng'ambo ya mkondo mwembamba, ikawa ndiyo mji mkuu wa visiwa. Wajerumani nao waliweka boma lao Chole, mpaka mwaka 1913 walipohamia Kilindoni.

Akiolojia yenyewe iliingia kwa kishindo katika miaka ya 1950. Mortimer Wheeler, mchimbaji mashuhuri wa Uingereza, alipita pwani ya Tanganyika mwaka 1955 na kushangazwa na wingi wa vigae vya Kichina vilivyotapakaa ufukweni hadi Kilwa. Akasema historia ya enzi za kati ya nchi hii imeandikwa kwa vigae hivyo. Miaka miwili baadaye Neville Chittick aliteuliwa kuwa mhifadhi wa kwanza wa mambo ya kale wa Tanganyika. Jina lake linajulikana zaidi kwa uchimbaji wa Kilwa, ambao matokeo yake yalijaza mabuku mawili mwaka 1974, lakini Mafia hakuiacha: alichimba Kisimani.

Kisimani iliafikiana na maandiko ya kale. Tarehe ya Kilwa, yaani historia ya kale ya masultani wake, ambayo Mreno João de Barros aliitumia katika kitabu chake cha mwaka 1552, inasema kwamba mwana wa sultani wa kwanza wa Kilwa alipewa kuitawala Mafia. Ardhini kweli zikaonekana sarafu za shaba za masultani wa Kilwa. Kwa miaka mingi bahari imekuwa ikiula ufuko wa Kisimani, na sehemu kubwa ya mji huo sasa iko chini ya maji. Mchimbaji anayechelewa huko hatafuti tena ardhini.

Hata hivyo akiolojia ya kizazi cha Wheeler na Chittick ilikuwa na upofu wake. Ilipenda mawe, misikiti na vyombo vya nje, na kwa sababu hiyo ikamwona mjenzi wa pwani kuwa mgeni aliyekuja na jahazi. Nyumba ya udongo na makuti haikuwa na nafasi katika hadithi hiyo, wala chungu cha mfinyanzi wa kienyeji.

Majibu ya upofu huo yalianza kupikwa karibu kabisa na Kariakoo. Oktoba 1961 chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua milango yake katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wachache. Kilipohamia mlimani mwaka 1964, idara ya historia chini ya Terence Ranger, na baadaye Isaria Kimambo, ilishikilia kwamba Mwafrika ndiye mtendaji wa historia yake na kwamba masimulizi ya wazee ni ushahidi unaopimwa kama ushahidi mwingine wowote. Mafunzo ya akiolojia yalianza chuoni hapo mwaka 1985.

Kutoka chuo hicho alitokea Felix Chami, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1994, iliyotolewa Uppsala, Sweden, ilihusu pwani ya Tanzania katika milenia ya kwanza. Chami alisisitiza kwamba wakulima na wafua chuma wenye asili ya bara ndio waliojenga msingi wa jamii za pwani, karne nyingi kabla ya misikiti ya mawe. Alichimba delta ya Rufiji, akachimba pango la Ukunju katika kisiwa cha Juani. Baadhi ya madai yake, hasa kuhusu ukale wa makazi na biashara na dunia ya Warumi, yamezua ubishi mkali miongoni mwa wataalamu. Ubishi huo umekuwa na faida kubwa, kwa sababu umewalazimisha wengine kurudi visiwani na kuchimba upya.

Ndivyo timu ya kimataifa iliyoongozwa na Alison Crowther ilivyofanya Ukunju na katika eneo la Shule ya Msingi Juani, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2016. Chini ya ardhi ya shule hiyo yamo makazi ya watu wa zama za mwanzo za chuma, waliotumia vyungu vya aina inayofanana na ile ya bara na kuishi kwa mazao ya bahari. Karibu miaka elfu moja kabla ya mawe ya Kua kupandishwa, watu walikuwa wameshavuka mkondo na kuanzisha maisha Juani. Wanafunzi wa shule hiyo wanacheza juu ya mojawapo ya makazi ya kale kabisa yanayojulikana katika visiwa vyao.

Mwaka 1965 alifika mtafiti ambaye hakuhitaji koleo. Pat Caplan, wakati huo mwanafunzi kutoka London, alikwenda kuishi Kanga, kijiji cha kaskazini mwa Mafia. Alitaka kujua jinsi watu wanavyohesabu ukoo na kugawana ardhi. Alikuta utaratibu ambao vitabu vya anthropolojia vya siku zile, vilivyozoea koo za upande mmoja, havikuwa na mahali pazuri pa kuuweka. Mtu wa Kanga alikuwa na haki kwa baba na kwa mama, kwa bibi na kwa babu wa pande zote, hivyo aliweza kuchagua alime kwa nani na akae kwa nani. Mashamba ya porini yalikuwa ya ukoo; minazi ilikuwa ya mtu binafsi, na mwanamke alimiliki minazi yake kama mwanamume. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka mwaka 1975.

Caplan alionyesha pia kwamba Mafia haina sura moja. Kusini, Waarabu wa Omani walianzisha mashamba makubwa ya minazi katika karne ya 19 na kuyaendesha kwa jasho la watumwa. Kaskazini, Wambwera, Wapokomo, Wagunya na wengineo walibaki wakulima wadogo na wavuvi. Anayesema «watu wa Mafia» kwa jumla anafuta tofauti ambayo wenyewe wanaikumbuka vizuri, hadi katika nani huoana na nani.

La thamani zaidi ni kwamba alirudi. Alirudi mwaka 1976, akarudi 1985, akarudi 1994, na tena karne hii ilipoingia. Mmoja wa wenyeji wake, anayeitwa Mohammed katika kitabu ingawa silo jina lake halisi, alimwandikia shajara ya maisha ya kila siku kijijini: mazishi, magomvi, mashetani, mavuno, bei za vitu. Shajara hiyo, pamoja na masimulizi ya mkewe na binti yake, ndiyo uti wa mgongo wa kitabu cha mwaka 1997. Jalada lina jina la profesa; sauti zilizomo ni za Kanga. Kama ilivyokuwa kwa Kadhi Saadi, aliyekuwa anaijua habari ndiye aliyeshika kalamu kwanza.

Kisha utafiti ukahamia baharini. Mwaka 1975 serikali iliitangaza Ghuba ya Chole na mwamba wa Tutia kuwa maeneo tengefu, pamoja na visiwa vya Dar es Salaam kama Mbudya na Bongoyo. Tangazo lilibaki kwenye karatasi. Baruti ziliendelea kulipuka, na matumbawe yaliyochukua vizazi kukua yalivunjwa kwa dakika. Wengi wa wapigaji baruti walitoka nje ya Mafia, hasa Dar es Salaam. Kuanzia mwaka 1989 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na watu wa kujitolea wa shirika la Frontier walipiga mbizi na kuorodhesha matumbawe, samaki na majani ya bahari. Orodha hizo zilisaidia kuzaliwa kwa sheria ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994, na mwaka 1995 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza nchini, yenye kilomita za mraba 822.

Mwanaanthropolojia wa Marekani, Christine Walley, alikuwa akiishi Chole miaka hiyo hiyo. Kitabu chake cha mwaka 2004 kinapaswa kusomwa na kila ofisa wa uhifadhi. Anaeleza jinsi wanakijiji walivyoiunga mkono hifadhi mwanzoni, kwa tumaini la kuwaondoa wapigaji baruti, na jinsi tumaini hilo lilivyochuja walipoona kanuni zinawabana wao na nyavu zao. Neno «ushirikishwaji» lilijaa kwenye mikutano, na maamuzi yakafanywa kwingine.

Lakini bahari imeleta pia mifano ya kazi iliyofanywa kwa pamoja. Mwaka 2001 ulianza mradi wa kulinda kasa na nguva wa Mafia, ambao baadaye ukawa shirika la Sea Sense, na wanavijiji ndio walinzi wa viota katika fukwe za Juani na kwingineko. Kuanzia mwaka 2012 watafiti waliwawekea papa potwe wa Kilindoni vifaa vya kutoa sauti, wakagundua kwamba samaki hao wakubwa, wanaoonekana karibu na ufuko hasa kati ya Oktoba na Februari, hawahami msimu ukiisha. Wengi hubaki humo humo, ila husogea nje kidogo kwenye kina kirefu.

Leo mtafiti mgeni haruhusiwi kuanza kazi bila kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Anatakiwa aeleze anachunguza nini na kwa muda gani, na awasilishe ripoti. Ripoti hiyo yapaswa kuwa na sura nzima ya Kiswahili inayosomeka, na nakala yake ifike kijiji husika. Mzee wa Kanga aliyetoa nasaba ya ukoo wake mwaka 1965 alikuwa na haki ya kuisoma ilivyoandikwa, na wajukuu zake bado wanayo haki hiyo.

Kazi ya kwanza ya kurudishwa nyumbani iwe ya Kadhi Amur Omar Saadi. Ni kurasa chache. Mfasiri mmoja na mhariri mmoja wanazimaliza kwa muda mfupi, na Makumbusho ya Taifa au Chuo Kikuu wanaweza kuzichapa kijitabu cha bei ya chini kwa ajili ya shule za Mafia, Juani ikiwa ya kwanza. Na kwa wasomaji wa Kariakoo, Magomeni na Temeke wenye asili ya visiwa hivyo: kama ndani ya sanduku la familia mna nasaba, barua za Kiarabu, hati ya shamba la minazi au daftari la babu, msizitupe wala msiwauzie wachuuzi wa vitu vya kale. Zipelekeni Idara ya Nyaraka za Taifa, Upanga, zisajiliwe kwa jina la mwenyewe.